Kitalu cha uwani, Kigamboni: mbegu chache na kisima cha chumvi

12 Aprili

Naanza upya. Mwaka jana nlikuwa naandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu, daftari likajaa, likaenda kuwashia mkaa na kumbukumbu zangu zote ndani yake, kwaiyo safari hii naandika kwenye simu, tarehe kabisa, hata siku ambayo sijafanya kitu ntaandika sijafanya kitu.

Hali ilivyo: uwani kuna kama mita sita kwa nne kati ya ukuta na karo la kufulia. Mchanga mtupu, ule ukimwaga ndoo ya maji unahesabu moja, mbili, yameshapotea. Jua linaingia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa hivi, baada ya hapo mwembe wa jirani unatupa kivuli. Maji ni ya kisima na yana chumvi. Sio ya kukufanya uteme, ila chai ukiipika nayo unajua, na sabuni haitoi povu la maana. Mgeni akija akinywa glasi moja anatuangalia usoni kwanza.

Mwaka jana nilinunua mbegu kwa picha. Nilienda Kariakoo mwezi wa kumi na moja, nikasimama mbele ya ile stendi ya pakti, karoti imenyooka kama penseli, kabichi ina umande, saladi, hoho za rangi tatu, nyanya Money Maker, nikabeba zote, nikarudi na pantoni mfuko nimeukumbatia kama nimetoka kwa sonara. Karoti zikatoka moja hapa moja kule kama ndevu za kijana, na zile tano nilizovuna zilikuwa na miguu mitatu mitatu kwa sababu nilijaza samadi mbichi kwenye tuta. Kabichi ilitoa majani mapana ikagoma kufunga, nikabaki na mwavuli. Hoho, hamna. Saladi haikuota hata punje moja na nikailaumu mbegu mwezi mzima, kumbe saladi udongo ukipata joto la nyuzi 30 hivi na kuzidi inalala tu, haijafa, inasubiri baridi ambayo Dar mwezi wa kumi na mbili haipo.

Nyanya ndo iliniuma. Ilirefuka, ikapendeza, ikatoa maua mengi, alafu Januari nzima maua yakawa yanapukutika. Nilipiga dawa, nikaongeza mbolea, nikabadilisha dawa. Kumbe ni usiku. Usiku ukibaki na joto la nyuzi 24, 25, chavua inakosa nguvu, ua halishiki tunda, linadondoka, na hakuna dawa ya duka inayopoza usiku wa Januari.

Kwaiyo msimu huu nataka kupandikiza Juni, nyanya itoe maua Julai na Agosti kipupwe kikiwepo, usiku unashuka mpaka 19, 20. Maana yake mbegu ziingie kitaluni mwanzoni mwa Mei.

19 Aprili

Leo nimechagua. Nimeanzia jikoni, sio dukani. Wiki nzima nlikuwa naandika tunachonunua gengeni, mume wangu akawa ananicheka kuwa nimekuwa afisa wa takwimu, ila imesaidia. Nyanya kila siku. Bamia mara tatu. Mchicha, spinachi, matembele, ngogwe. Hoho mbili kwa wiki, karoti mbili za pilau. Saladi sifuri! Yani nilihangaika na mboga ambayo hapa nyumbani hamna anayeila.

Matembele hayana habari ya mbegu, nachukua vikonyo kwa jirani nachomeka ardhini, basi. Vilivyobaki:

Nyanya, nimechukua Tanya. Ni ile inayoitwa nyanya fupi, inakua inafika kimo chake inasimama, inazaa kwa mkupuo, haihitaji mti mrefu wala kupogolewa kila wiki. Ngozi ngumu, haiozi haraka. Nilitamani sana Tengeru 97, ile iliyotoka kule kituo cha utafiti Tengeru, Arusha, kwa sababu inasifika kuvumilia minyoo fundo, vile viminyoo vya udongoni vinavyotia mizizi vinundu, na mchanga wetu huu ndo nyumbani kwa minyoo fundo, nimezunguka maduka manne sijaipata. Nikaangalia na Roma VF. Hizo herufi mwisho wa jina zina maana jamani, mi nlikuwa nadhani ni mbwembwe za kampuni: V na F ni magonjwa mawili ya kunyausha yanayotoka kwenye udongo, verticillium na fusarium, aina hiyo inayavumilia. Ukiona na N ndo minyoo fundo. Roma VF haina N, nikairudisha.

Na pakti ya Money Maker ya mwaka jana imebaki nusu, nimeitunza ndani ya kopo la maziwa na mchele kidogo wa kunyonya unyevu. Hii ni nyanya ndefu, inaendelea kupanda juu mpaka uichoke. Naipa nafasi nyingine maana kosa halikuwa lake, lilikuwa la kalenda yangu.

Kuna F1, yani mbegu chotara, nilizishika pia. Muuzaji alinisifia moja mpaka nikaona aibu kuiacha, nikauliza bei, nikairudisha taratibu kama yai. Sizisemi vibaya, mtu wa ekari anayelima kuuza mahesabu yake ni mengine, zinazaa sana na nyingi zimewekewa kinga nzuri. Ila mi nina mita sita kwa nne na napenda kubakiza mbegu zangu.

Bamia ni Clemson Spineless. Aina ya zamani, ya Marekani tangu 1939, haina vile vimiiba vinavyowasha mikono. Bamia inapenda joto kuliko mimi. Spinachi ni Fordhook Giant. Hii tunayoiita spinachi huku kwetu kwa ukoo ni ndugu wa bitiruti, na ndugu wa bitiruti wanavumilia chumvi kuliko mboga nyingi, hilo nimelizungushia duara. Hoho ni California Wonder kwa sababu mume wangu kang'ang'ania. Karoti na vitunguu nimeacha, vyote viwili havipatani na chumvi kabisa, na maharage hivyohivyo.

Nilipofika nyumbani nikaangalia pakti vizuri. Ya hoho imebandikwa stika ya tarehe juu ya tarehe. Nikaikwangua kwa kucha, ya chini ilikuwa imeshapita mwaka na miezi. Duka silitaji. Ila ntakaporudi mjini naangalia lebo ya TOSCI kwanza, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu, ile yenye namba ya kukwangua unahakiki kwa simu, dukani palepale kabla sijatoa hela. Haraka ya kuwahi pantoni ndo iliyoniponza.

20 Aprili

Kwa kuwa hoho imenitia wasiwasi, napima zote. Tishu kwenye sahani, punje kumi, loanisha, funika na mfuko wa nailoni, weka juu ya kabati jikoni. Nikiwa naloanisha ndo wazo likaja: mbona naloanisha na maji ya dukani wakati kitalu ntamwagilia na kisima? Nikafanya sahani mbili kwa kila mbegu. Moja maji ya kisima, nyingine maji ya mvua, masika imekolea na gata la bati linajaza simtanki lenyewe. Sahani kumi na mbili. Chakula cha jioni tumekula kwenye sufuria moja wote.

Nimeweka pia vitunguu vya mwaka juzi nilivyovikuta droo, kwa udadisi tu.

4 Mei

Wiki mbili zimeisha, sahani nimerudisha kwa wenyewe.

Tanya: maji ya mvua zimeota 9, siku ya tano na ya sita. Kisima zimeota 5, na ya mwisho imetoka siku ya kumi ikiwa imepinda. Money Maker mvua 8, kisima 4. Hoho mvua 6, kisima moja, moja! Bamia nililoweka usiku kucha kwanza maana ganda lake gumu, mvua 8, kisima 7, siku ya tatu tu zimeshapasuka. Spinachi hapa na hapa hamna tofauti ya kusema, ila zinakuchanganya kuhesabu, kile kipunje cha mikunjomikunjo sio mbegu moja, ni familia, unaona punje kumi zinatoa miche ishirini na mbili. Vitunguu sifuri pande zote. Mbegu ya kitunguu haina subira, mwaka mmoja miwili imeshajifia, usiweke akiba.

Nilikaa nikaziangalia zile sahani za hoho muda mrefu. Mwaka jana nilimwagilia kitalu cha hoho na kisima, asubuhi na jioni, kwa bidii kabisa, nikawa nashangaa. Chumvi ikiwa kwenye maji mbegu inapata shida kuyavuta, imezungukwa na maji ina kiu. Mmea ukishakua unakuwa na uvumilivu zaidi, ila pale mwanzo, mbegu na mche mchanga, ndo panauma.

Uamuzi: kitalu chote ni maji ya mvua. Simtanki la lita 2000 limejaa na limefungwa, nimewaambia watoto atakayefulia yale maji atakula ugali wa chumvi.

5 Mei

Udongo wa kitalu. Huu wetu haushiki kitu, nimenunua viroba viwili vya udongo mweusi kwa wale wanaouza miche barabarani, samadi ya ng'ombe iliyolala tangu Desemba, haina harufu tena, na nikatafuta kitu cha kuulegeza. Mjini watu wanatumia kokopiti ya matofali. Nikasema mi nakaa pwani ninunue vumbi la makumbi? Kuna mama anayesuka kamba huko ufukweni, nikamwomba, akanipa gunia zima bure, akanisaidia na kulifunga.

Nimelifikisha nyumbani, nikaloweka ndoo moja, ndo nikakumbuka. Makumbi ya usumba yanafukiwa pwani miezi, maji ya bahari yanayapanda na kuyashuka mpaka yalainike. Nikachovya kidole nikalamba. Bahari tupu! Nakimbia kisima nakwenda kukumbatia bahari yenyewe. Nimeyalowesha na kuyakamua mara tano kwa maji ya mvua, mara ya nne bado ulimi unasikia, ya tano nikaridhika. Maji yaliyoenda siyahesabu, mvua bado ipo.

Mchanganyiko: udongo mweusi ndoo mbili, samadi ndoo moja iliyochekechwa, makumbi ndoo moja. Nikamwagia maji ya moto yanayochemka birika baada ya birika kuua vimelea, nikafunika turubai likapoa usiku mzima.

6 Mei

Nimesia. Vikombe vya yogati na chupa za maji zilizokatwa, zimetobolewa chini. Tanya punje 40, Money Maker 20, mbilimbili kila kikombe. Kina kama nusu ukucha, ukizika sana zinachoka njiani. Hoho 30. Spinachi nimesia kwenye beseni lililotoboka. Bamia siweki kitaluni, mzizi wake mrefu hautaki kuhamishwa, naipanda moja kwa moja kwenye tuta, hizo nimefukia mashimo 14. Mchicha nimemwaga kwenye kona nimechanganya na mchanga mkavu usirundikane.

Majina nimeandika kwa makapeni kwenye kila kikombe. Kumbukeni hii sentensi.

12 Mei

Nyanya zimetoka! Asubuhi nimetoka na chai nakuta vishingo vimeinama vimetoboa udongo, nikaacha chai ikapoa. Jioni zimefika 31. Bamia zilitoka juzi. Mchicha siku ya tatu ulishakuwa zulia. Hoho kimya.

14 Mei

Nyanya 54 kati ya 60. Mvua imenyesha siku mbili bila kukata. Vikombe vipo chini ya kibaraza.

17 Mei

Msiba. Kinyausi. Jana jioni ilikuwa mitatu imelala nikadhani ni mvua imeipiga, leo asubuhi kumi na tano, sasa hivi saa kumi imefika 21. Ukiangalia karibu, pale shina linapokutana na udongo pamekonda kama uzi, pameiva maji, juu majani bado ya kijani kabisa, hayajui kama yamekufa. Ni ukungu wa kwenye udongo, unapenda umajimaji, kubanana na upepo mdogo, na mi nimeupa vyote vitatu. Nlikuwa namwagilia kila asubuhi kwa furaha tu, udongo umelowa bado naongeza. Yale maji ya moto nayo sidhani kama yalifika katikati ya rundo, nilimwaga juu juu.

Nimefanya hivi: iliyolala nimetoa na udongo wake nimetupa mbali, iliyobaki nimeipunguza mmoja mmoja kwa kikombe na iliyozidi nimeihamishia kwenye vikombe vipya, nimeinua vikombe juu ya matofali hewa ipite chini, nimenyunyiza mchanga mkavu juu udongo ukauke haraka. Kumwagilia ni mpaka kidole kikizama pingili moja kikute pakavu. Na namwagia kwenye sahani chini, mche unyonye wenyewe.

Zimebaki 33.

19 Mei

Hakuna iliyolala tangu juzi. Hoho imetoka, siku ya kumi na tatu, 4 tu. Karibu nimwage udongo wake.

22 Mei

Miche imerefuka, imekonda, yote inatazama upande mmoja kama abiria wanaosubiri basi. Inatafuta mwanga, kibarazani hapatoshi. Kumbe naikinga mvua naiua kwa giza. Nimehamisha meza nje, juu nimetundika neti ya chandarua iliyochanika kukata jua la mchana na matone makubwa. Kila nikipita napitisha kiganja juu ya miche taratibu, inatikisika, inasaidia shina kuwa nene, na mtoto wa mwisho ameichukua kazi hiyo anasema anaisalimia.

Hoho 17. Imesimama hapo.

26 Mei

Mama mkwe amefika kutoka Lushoto. Kabla hajakaa, hajanywa maji, ameenda uwani na mkoba wake bado begani. Ameangalia vikombe, ameangalia mchanga, akasema, "Mwanangu, hapa unalima au unajenga?"

Huyu mama amelima mboga maisha yake yote kwenye vitalu vya mlimani kwao, udongo mweusi, baridi, maji ya mfereji. Tukakaa nikamwonyesha pakti. Akauliza ile ya bei kubwa niliyoiacha ina nini. Nikamweleza F1, kwamba wanachukua baba wa aina moja na mama wa aina nyingine, mtoto anatoka na nguvu, ila ukichukua mbegu za mtoto ukapanda wajukuu hawafanani, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja hazai. Kwaiyo kila msimu unanunua upya. Akatikisa kichwa. "Basi hiyo hujainunua mwanangu. Umeipanga, na kodi inakungoja."

Nikamwambia mama, ila huko kwenu siku hizi wengi wanapanda hizohizo. Akasema wanapanda, na yeye amezipanda, kabichi, zilimlipa vizuri tu. "Ya sokoni ni ya sokoni. Ya nyumbani ni ya nyumbani."

Alafu akafungua pindo la khanga. Ngogwe, mbegu zimefungwa kwenye kipande cha gazeti na majivu kidogo, aina yake ndefundefu nyeupe ya tangu hajaolewa. Hapa sikujua niseme nini. Ngogwe zilizozoea Lushoto, leo Kigamboni, kwenye joto na chumvi. Nikamwambia mama asante, tutajaribu. Tumesia 20 pamoja jioni, kwa maji ya mvua, yeye kashika kijiko.

3 Juni

Ngogwe 16! Mama amepiga kigelegele peke yake uwani.

Nyanya zina majani manne ya kweli, zimenenepa. Naanza kuzikomaza, leo zimekaa kwenye jua kamili saa mbili bila neti, kesho tatu, na maji napunguza.

Sasa makapeni. Jua limelamba maandishi yote. Vikombe 33, vyeupe pe. Najua Tanya ni nyingi kuliko Money Maker, basi, lakini kikombe kipi ni kipi sijui. Na nilivyohamisha ile siku ya kinyausi nilichanganya hata safu. Mama akasema kwao wanachomeka kijiti, aina moja kijiti kimoja, aina ya pili vijiti viwili, na mvua haifuti kijiti. Sikujibu kitu.

7 Juni

Kuku wa jirani. Miche mitano, dakika kumi, nlikuwa nakuna nazi. Zimebaki 28. Ngogwe zote zipo maana mama alikuwa amekaa nazo mlangoni.

10 Juni

Nimepandikiza leo kuanzia saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala. Nyanya 24, nne nimempa jirani mwenye kuku, tuone atawafungia kuku wake sasa. Mashimo nimejaza mboji na samadi kopo moja moja. Miche ile iliyorefuka nimeilaza nikaifukia shina mpaka karibu na majani, nyanya inatoa mizizi popote shina linapogusa udongo, kwaiyo ule urefu wa kukonda umegeuka faida. Kwa kuwa sijui ipi fupi ipi ndefu, nafasi nimeweka za ndefu kwa zote, sentimita 60 kwa 60, na tuta limenishinda kidogo, miche miwili ipo karibu na karo.

Matandazo: majani ya mwembe na makuti, unene wa vidole vinne. Kwa mtu wa maji ya chumvi nafikiri hii ndo kazi kubwa kuliko mbolea. Jua likinyonya maji linaiacha chumvi juu, mwaka jana tuta lilikuwa na ukoko mweupe nikadhani ni majivu.

15 Juni

Sijafanya kitu. Mafua nyumba nzima.

22 Juni

Mahesabu ya maji. Mvua imekata. Simtanki lina kama lita 1700. Nyanya 24 kwa lita moja na nusu ni lita 36 kwa siku, bado hoho na ngogwe. Siku arobaini na kitu, maana yake Agosti mwanzoni nimekauka. Nimegawa hivi: bamia na spinachi zinahamia kisima kuanzia leo, zilishajionyesha kwenye sahani. Hoho na ngogwe ni mvua tu. Nyanya mvua mpaka zitoe maua, baada ya hapo nachanganya nusu kwa nusu. Na kisima nikimwagilia namwaga mengi kwa mara moja kila baada ya siku mbili, sio kidogokidogo kila siku, ili yasukume chumvi ishuke chini ya mizizi. Mchanga kwa hili ni rafiki, unashusha haraka.

Hoho 11 nimezipandikiza leo. Zilikuwa 17, zingine zilidumaa tu, sina la kusema.

5 Julai

Spinachi ya kwanza nimechuma, majani ya nje tu, moyo nimeuacha. Mama kaipika na nazi kabla hajaondoka jana. Kaniachia kazi ya ngogwe, kapiga simu alivyofika Mombo kuuliza kama nimezimwagilia. Nilikuwa sijamwagilia.

Nyanya zimeanza kujitambulisha. Kuna nane zinapanda bila breki, zimenifika kiunoni, hizo ni Money Maker. Zilizobaki zimejikusanya, zimesimama, zina vichana vya maua. Zile nane nimezichomekea miti na kuzifunga kwa vitambaa vya shuka. Mbili za karibu na karo zote ni ndefu, kama kawaida.

19 Julai

Maua yameshika! Asubuhi nimepima usiku ulifika 20. Nimehesabu vitunda 37 kwenye Tanya, vikubwa kama zabibu, na Money Maker moja imeshika vitatu, kitu ambacho sikukiona mwaka mzima uliopita. Majani mawili nimekuta michirizi myeupe ya kantangaze, kile kiwavi kinachochimba ndani ya majani ya nyanya, nimeyakata nimeyachoma, kila jioni napita na tochi.

Kisima nimeanza kuchanganya kwenye nyanya tangu Jumatatu, ncha za majani hazijaungua bado. Hoho 9, zina afya ila zina uvivu. Ngogwe zote 16 zimehamia tutani wiki iliyopita, moja imenyauka mchana ikaamka jioni. Bamia tunachuma kila siku ya pili, mti mmoja nimeuacha ukomaze mbegu, nimeufunga kitambaa chekundu na kuchomeka vijiti viwili chini yake, watoto wameambiwa huo hauguswi.

Simtanki: nusu.